Barua umeifunga, bahasha je?

Juni 2024, Mswada wa Fedha ukiwa umewasha nchi moto, niliongezwa kwenye grupu tatu za WhatsApp kwa siku moja. Moja ya Kisii mjini, moja ya Nyamira, na ya tatu sijui mpaka leo nani aliiunda. Mamia ya watu, wengi sijawahi kuwaona. Na kila mmoja wao alikuwa na namba yangu.

Sasa hebu fikiria, mse. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho. Mtu akitaka kukujua, anaanza tu kukutumia pesa kwa M-Pesa na jina lako linajitokeza kabla hata shilingi moja haijatoka. Utasema WhatsApp ina usimbaji fiche. Kweli, maneno hayasomeki njiani. Lakini uliongea na nani, saa ngapi, mara ngapi, hayo yote ni maandishi ya juu ya bahasha. Hiyo ndiyo metadata. Anayekutafuta hana haja ya kufungua barua kama anajua ulimwandikia nani usiku wa kuamkia maandamano.

Na hatuogopi kivuli. Kufikia mwisho wa Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji nyara tangu Juni.

Kuna programu zilizojengwa tofauti. Session haikuulizi namba ya simu kabisa, na ujumbe unapitia mashine tatu ili asiwepo mmoja anayejua umetoka wapi na unaenda wapi. Briar haina seva ya katikati: simu yako inaongea na ya mwenzako kwa Bluetooth, Wi-Fi au mtandao wa Tor. Tarehe 25 Juni 2024 intaneti ililegea nchi nzima, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kutuambia haina mpango wa kuizima. Pale Daraja Mbili, simu mbili zenye Briar zilizo karibu zingeendelea kupiga stori.

Lakini tusidanganyane. Bitchat ya Jack Dorsey ilipotoka Julai 2025, mtafiti alionyesha mapema kwamba mtu angeweza kujifanya rafiki yako. Kwa simu, Briar iko kwa Android tu. Wenye iPhone, poleni. Ukipoteza simu, akaunti imeenda nayo. Betri nayo usiniulize.

Halafu hakuna programu inayomzuia mtu wa ndani kupiga skrinishoti. Grupu ya watu 300 ni baraza la chifu, hata ikiwa na kufuli kumi.

Mimi niliacha chuo, haya nimejisomea kwa bando la usiku. Juzi tulikaa na binamu yangu stage ya Keroka tukaskani kodi za Briar, yeye yangu, mimi yake, kama watu wanaosalimiana. Sasa niko na watu wanne humo. Zile grupu za WhatsApp nimebaki nazo za matanga na harambee.