Maji Ndani ya Gari: Tafuta Njia Yake Kabla ya Kufungua Mfuko

Wakaao Kyambogo wanazijua vyema mvua za Kampala. Kuanzia Machi hata Mei, na tena kuanzia Septemba hata Novemba, wingu hutanda ghafla, na kabla mtu hajaanua nguo kambani maji yamekwisha kuporomoka kilimani yakielekea barabara ya Jinja na bonde la Kinawataka. Aliye nyumbani hufunga madirisha akatulia. Lakini mwenye gari lililozeeka halali usingizi mwema, kwa kuwa anajua ya kuwa asubuhi atakuta dimbwi mahali abiria anapoweka miguu.

Hayo ndiyo yaliyompata jirani yangu, ambaye ni sajini wa polisi. Msimu mmoja wa mvua watoto wake walikwenda shule wakiwa wameinua miguu juu ya kiti. Mdogo wao, ambaye kifua humbana, alianza kukohoa kila alipoingia garini, na mama yao akakataa kumpandisha tena. Sajini alilipeleka gari kwenye gereji moja. Huko aliambiwa kwamba rejeta ndogo ya hita imetoboka, na kwamba dashibodi nzima sharti ishushwe ili ibadilishwe. Bei aliyotajiwa ilikaribia karo ya muhula ya watoto wawili.

Jioni ile alikuja kwangu na karatasi ya hesabu mkononi. "Mwalimu," akasema, kwani ndivyo anavyoniita tangu nilipokuwa nikifundisha ufundi, "nikilipa fedha hizi, mtoto mmoja atabaki nyumbani."

Tukaafikiana asitoe hata shilingi moja kabla hatujalichunguza gari wenyewe siku ya Jumamosi.

Hasara isiyoonekana

Wengi hudhani kwamba maji garini ni adha ya viatu tu. Sivyo. Chini ya kapeti mna sufi nene ambayo hunywa maji kama sponji na kukaa nayo majuma mengi, hata kama juu pamekauka. Hapo kuvu huota, nayo huwaumiza wenye pumu na watoto wadogo. Kutu hula sakafu, na pamoja nayo hula mahali zinapofungwa bolti za viti na za mikanda ya usalama. Siku ya ajali, mkanda uliofungwa kwenye bati bovu hauwezi kutumainiwa. Isitoshe, katika magari mengi ya siku hizi nyaya na vifaa vya umeme hupita chini ya kapeti au chini ya viti. Maji yakiviingia, gari laweza kuzima njiani, au taa ya tahadhari ikawaka bila sababu kujulikana.

Magari mengi tunayoyatumia Uganda yalikwisha kutumika Japani kabla ya kufika kwetu. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yaliyokuwamo yameendelea kuzeeka, na mpira wa mlango uliozeeka hukakamaa ukashindwa kuziba.

Kwanza yatambue maji yenyewe

Maji yanayolowesha kapeti ni ya namna tatu, na kila namna ina dalili zake.

Ya kwanza ni maji ya rejeta. Haya huwa na rangi, huteleza vidoleni, na hunukia kama kitu kitamu. Kioo cha mbele hufanya ukungu wenye mafuta, na kiasi cha maji katika chupa ya akiba chini ya boneti hupungua. Maji haya yakiwa na dawa ya rejeta ni sumu, basi usiyaonje, wala usiyaache mahali ambapo mtoto au mbwa aweza kuyafikia. Pia usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto.

Ya pili ni maji ya kiyoyozi. Haya ni safi, hayana rangi wala harufu, na hutokea baada ya kiyoyozi kufanya kazi hata siku ya jua. Kwa kawaida hudondoka chini ya gari kwa kibomba chembamba, na kibomba hicho kikiziba maji hurudi ndani.

Ya tatu ni maji ya mvua. Haya hutokea baada ya kunyesha au baada ya gari kuoshwa, hata likiwa limeegeshwa na injini imezimwa.

Tulipoyatazama maji ya gari la Sajini kwenye bakuli jeupe, yalikuwa ya udongo kidogo, hayakuteleza, wala hayakunukia. Chupa ya akiba ilikuwa imejaa hadi alama yake, na yeye hakuwa amewasha kiyoyozi kwa miezi mingi. Basi rejeta ya hita ilikuwa ikisingiziwa tu.

Namna ya kutafuta

Huwezi kuuona mchirizi mpya juu ya kapeti lililolowa. Kwa hiyo anza kwa kukausha: toa mikeka, inua kapeti, nyonya maji kwa matambara, kisha tandaza magazeti makavu sakafuni. Mtu mmoja aketi ndani na tochi, milango ikiwa imefungwa. Wa pili asimame nje na mpira wa maji, akiyaacha yatiririke taratibu kama mvua. Usitumie mashine ya kuoshea yenye nguvu, kwa sababu hiyo hupenyeza maji hata pale ambapo mvua haipiti.

Anza chini, kisha panda juu kidogo kidogo, ukikaa kila mahali dakika tano hata kumi. Sababu yake ni hii: maji hufuata mkondo. Yaweza kuingia kwenye paa yakatokea miguuni. Ukianza kumwagia juu utalowesha kila kitu kwa pamoja, usijue pa kulaumu.

Kagua mahali hapa. Chini ya vipangusio vya kioo cha mbele mna mfereji unaopokea maji ya kioo na kuyatoa pembeni. Kando yake ndipo hewa ya kuingia ndani huvutwa. Majani yakiuziba, maji hujaa na kufurika kwenye njia ya hewa, yakatua upande wa abiria wa mbele. Kagua pia ukingo wa kioo chenyewe, hasa kama kiliwahi kubadilishwa. Kagua raba za milango: funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, raba imelegea. Kagua taa za nyuma na mpira wa buti, na pia kisima cha tairi la akiba. Gari lenye dirisha la paa lina vibomba vinavyoshuka ndani ya nguzo, navyo huziba. Mwisho, tazama tundu za nyaya katika ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, pamoja na vizibo vya sakafuni.

Tulichokikuta

Gari la Sajini hulala chini ya mwembe. Tulipofungua kifuniko kilicho chini ya vipangusio, tulitoa majani na matope ya kujaza ndoo ndogo. Tukasafisha mfereji kwa mkono na kumwaga maji, nayo yakatoka nyuma ya gurudumu kama inavyopasa. Kazi ikachukua muda usiofika saa moja, na gharama yake ikawa sabuni.

Tulifurahi mapema mno. Mvua ya Jumatatu ilipopita, mbele pakawa pakavu, lakini nyuma upande wa kushoto gazeti lilikuwa limelowa. Ndipo tulipokumbuka kwamba matobo ya gari yaweza kuwa mawili. Maji ya kioo cha dirisha huingia ndani ya mlango kila mara, na hilo si kosa, kwani hutoka kwa vitundu vilivyo chini ya mlango. Kinachoyazuia yasije kwa abiria ni karatasi ya nailoni iliyogandishwa nyuma ya ubao wa mlango. Sajini alikuwa amewekewa spika za redio mwaka uliotangulia, na aliyeziweka aliikata nailoni ile asiirudishe. Tukaweka nailoni mpya nzito, tukaigandisha ukingoni kwa gundi laini ya utepe isiyokauka, tukazibua na vitundu vya chini kwa kijiti. Tangu hapo gazeti limebaki kavu.

Kutengeneza na kukausha

Kuziba tundu ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kukausha. Inua kapeti na sufi yake, uvianike juani. Kama viti lazima vitolewe, ondoa kwanza waya wa betri na ungoje dakika kadhaa, kwani chini ya viti vingine mna nyaya za mifuko ya hewa, ambazo mara nyingi huwa na viungio vya manjano. Hizo usizichezee. Sugua kuvu kwa maji na sabuni, ukiwa umefunika pua kwa kitambaa, na watoto wakae mbali. Penye kutu, kwangua hadi bati safi, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Lakini ukikuta bati limetoboka karibu na bolti ya kiti au ya mkanda, acha. Hiyo ni kazi ya mchomeleaji stadi, na gari lisipakie mtu mpaka imalizike.

Jihadhari na gundi ya silikoni inukayo siki, maana huweza kulisha bati kutu. Kioo cha mbele kinachovuja mpe fundi wa vioo akitoe na kukigandisha upya kwa gundi yake maalumu. Katika magari mengi kioo hicho husaidia kuutia mwili wa gari nguvu, na si pambo tu. Vibomba vya dirisha la paa visipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwa sababu huchomoka ndani ya nguzo. Pitisha uzi wa nailoni ulio mwororo, taratibu.

Ndugu zetu madereva wa vikosi, gari la serikali si la kukatwakatwa kwa hiari ya mtu. Andika kasoro katika kitabu cha gari, taja maji yanatokea wapi na baada ya nini, kisha mwarifu mkuu wa karakana. Maelezo mazuri humwokolea fundi siku nzima ya kubahatisha.

Na kwa jamaa wote: kila mwezi toa majani chini ya vipangusio, na kila mvua kubwa ikipita, ingiza mkono chini ya kapeti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watoto wa Sajini wanakwenda shule wote, miguu chini, na yule mdogo hakohoi tena garini. Karatasi ya hesabu ya gereji ameihifadhi katika kisanduku cha dashibodi. Anasema humkumbusha kuuliza maji yametoka wapi kabla ya kuuliza bei.