Mchezo wa Watoto Umekuwa Mali ya Wazee

Mwaka wa 2024 nikiwa Uingereza niliingia katika duka moja linalouza magari ya moshi ya mfano. Mvulana wa miaka kama tisa alikuwa amekodolea macho injini moja ndogo ndani ya kabati la kioo. Babu yake akatazama bei: zaidi ya pauni 200. Akamshika mkono, wakatoka.

Frank Hornby wa Liverpool alipoanza kuuza magari hayo mwaka wa 1920, yalitiwa ufunguo na kuchezewa sakafuni. Leo yanakwenda kwa umeme, na mengine yana hata kipaza sauti tumboni. Vipande vyake vidogo vidogo hupachikwa kwa mikono huko China, ambako mishahara imepanda. Tena hutengenezwa machache, hivyo gharama ya kalibu huangukia wanunuzi wachache.

Sikatai, kazi nzuri ina bei yake. Lakini ni nani aliyetaka kila msumari uonekane? Ni sisi watu wazima, tunaonunua na kuweka kabatini. Injini za kawaida za bei nafuu zipo, ila sisi ndio tunaozidharau.

Hapo ndipo tunapokosea. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto asiyeigusa injini leo hataitamani kesho. Je, siku sisi wazee tutakapokwisha, viwanda hivyo vitamwuzia nani?