Kila LED na Rizista Yake, Jamani!
Nimechoka kuambiwa eti rizista ni mapambo. Wiki jana nilifungua kabati la gemu la rafiki yangu: vitufe 12, LED zote zimeungwa sambamba, rizista moja tu! Nyekundu zinawaka, za buluu giza tupu. Halafu analaumu programu niliyomwandikia!

Ndugu msomaji, LED nyekundu hutosheka na volti 2 hivi, ya buluu hutaka kama 3. Ukizifunga pamoja, nyekundu hunyakua karibu mkondo wote. Piga hesabu: volti 5 toa 2, gawanya kwa ampea 0.02, unapata omu 150. Kwa buluu, omu 100.

Kodi haitengenezi waya uliofungwa vibaya. Rizista ni shilingi chache. Uvivu ndio ghali.