TAHARIRI: Dawa Iliyomo Katika Risala, na Biashara Isiyosubiri

Miongoni mwa mambo yanayonadiwa mno siku hizi katika matangazo ya tiba ni kitu kiitwacho eksosomu. Hunadiwa kwa wenye maumivu ya magoti, kwa wenye maradhi ya mapafu, na hata kwa wanaotaka kurejesha ujana wa ngozi. Jina ni geni, bei ni kubwa, na mgonjwa aliyekata tamaa haulizi sana. Hivyo imelazimu tubainishe lipi katika jambo hili ni elimu, na lipi ni biashara iliyovishwa joho la elimu.

Asili yake ni hii. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba seli shina zitolewazo katika uboho, mafuta ya mwili au kamba ya kitovu, zikitiwa kwa mgonjwa, hugeuka kuwa nyama mpya mahali pa ile iliyoharibika. Uchunguzi ukaonesha vingine: aghalabu seli hizo hutoweka baada ya siku chache, ilhali nafuu hubakia. Kumbe manufaa yamo katika kile ambacho seli hukitoa. Arnold Caplan wa Marekani, aliyelieneza jina la seli shina hizi mwaka 1991, mwenyewe alitaka mwaka 2017 libadilishwe, kwa kuwa kazi yao hasa ni kutoa ishara za tiba. Kabla ya hapo, mwaka 2010, watafiti wa Singapore walikwisha kuonesha kwamba vifuko vitokavyo katika seli hizo, bila ya seli zenyewe, vilipunguza madhara ya shambulio la moyo kwa panya.

Vifuko hivyo ndivyo eksosomu. Upana wake ni baina ya nanomita 30 na 150, hata vifuko 10,000 vikipangwa mstari mmoja huweza kuenea katika milimita moja tu. Ndani yake mna protini, mafuta na vipande vya RNA. Kila kimoja ni mfano wa risala iliyofungwa na kutumwa kwa seli nyingine.

Na risala hufuata hali ya mwenye kuituma. Seli iliyo katika raha hutuma habari moja. Iliyosikia mbiu ya hatari hutuma nyingine. Kwa sababu hiyo watafiti huziandaa seli kabla ya kukusanya vifuko vyake. Huzitilia interferoni gama, ambayo ni ishara ya mwili yenyewe ya kuiamsha kinga, au huzipunguzia oksijeni kutoka asilimia 21 ya hewa ya kawaida hadi baina ya 1 na 5, kiwango kilicho karibu na cha ndani ya uboho. Seli zikiandaliwa hivyo huzidisha viini vya kutuliza, na vifuko vyake huweza kuzielekeza seli za kinga ziache kushambulia na zishike kazi ya kutengeneza.

Hata hivyo, palipo na matumaini pana pia ugumu. Seli za watu wawili, zikiandaliwa kwa njia moja, hazitoi vifuko vilivyo sawa. Mwaka 2014 madaktari wa Essen, Ujerumani, walieleza habari za mgonjwa mmoja ambaye seli alizopandikizwa ziliushambulia mwili wake, na dawa za steroidi hazikumfaa. Kabla ya kumpa vifuko iliwabidi wachague, kwani vya mfadhili huyu vilitofautiana na vya yule. Dalili zake zilipungua. Lakini mgonjwa mmoja si hoja ya kutosha kwa umma.

Desemba 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari, baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizouzwa kwa jina la eksosomu bila ya idhini. Mamlaka hiyo haijaidhinisha bidhaa yoyote ya eksosomu. Hata dawa yake ya kwanza ya seli shina za aina hii, iliyoidhinishwa Desemba 2024 kwa watoto wenye maradhi kama ya yule mgonjwa wa Essen, ilirudishwa mara mbili, 2020 na 2023, kwa kutakiwa ushahidi zaidi.

Wako wanaouliza hukumu ya sharia. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka mwaka 2003, liliruhusu seli shina zichukuliwe kwa mtu mzima aliyeridhia bila ya kudhurika, na katika kondo na kamba ya kitovu kwa idhini ya wazazi. Likakataza zitokanazo na mimba iliyotolewa kwa makusudi. Lakini uhalali wa asili ya dawa haumhalalishii muuzaji kudai yasiyothibiti. Huo ni udanganyifu, na mgonjwa ndiye wa mwisho anayestahiki kudanganywa.

Basi yeyote atakayetakiwa kuuza kiwanja, au kuchangisha jamaa na waumini kwa ajili ya tiba hii, na aulize kwanza: Ni mamlaka gani imeidhinisha? Seli ni za nani, na ziliandaliwaje? Ikiwa ni majaribio, yameandikishwa wapi, na kwa nini mgonjwa alipishwe? Asiyeweza kujibu hayo hastahiki kukabidhiwa mwili wa mtu wala mali yake.