Hewa ya juu haijui mwenye nguvu

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, tunawauliza neno moja. Mtu aliyezoea kubeba mbao za kuegemeza mwamba chini ya udongo, posti nzima, na muganga amemwona kuwa ana mapafu mazima, je, anaweza kupanda kutoka mita 3 000 mpaka mita 5 000 kwa siku tatu? Wengi watajibu ndiyo. Sisi tunasema hapana, na tunaongeza kwamba anayemwuzia safari ya namna hiyo anamwuzia ugonjwa.

Neno hili limeletwa na vijana wetu. Wanaona katika simu zao picha za watu wanaotembea juu ya barafu katika nchi ya Pakistan, wakienda kwenye kambi iliyo chini ya mlima K2, na wapo walioanza kuweka akiba. Hatuwacheki. Mtu akiweka akiba ya miaka mingi ili autazame mlima, badala ya kuinywa mwisho wa mwezi, ni haki yake. Tena barafu si jambo la nchi za mbali tu: Ruwenzori yetu, kwenye mpaka na Uganda, yenye kilele cha mita 5 109, bado ina barafu, ijapokuwa inaendelea kupungua. Lakini vijana wanaitaja K2, kwa hiyo tuzungumze K2.

Njia yenyewe ni hii. Unafika mji wa Skardu, kwa ndege kama mawingu yameruhusu, au kwa barabara ndefu ya milimani kama hayakuruhusu. Kutoka Skardu gari la jeep linakupeleka mpaka kijiji cha Askole, kwenye mita 3 000 hivi, na hapo barabara inakwisha. Unatembea mpaka Paiju, mita 3 400, kisha unapanda juu ya mto wa barafu unaoitwa Baltoro, wenye urefu wa zaidi ya kilometa 60. Unalala Urdukas, kwenye mita 4 000 na kidogo, unafika Concordia kwenye mita 4 600, na kambi ya K2 iko karibu na mita 5 000. Kwenda na kurudi Askole ni majuma mawili kwa mtu anayetembea kwa akili. Wakati wake ni Juni mpaka Agosti, na lazima upate kibali cha serikali mapema.

Sasa angalia pale ambapo wauzaji wa safari wanapunguza. Hawapunguzi kilometa, maana mlima hausogei. Wanapunguza siku. Siku ya kwanza kufutwa ni ile ya kupumzika Paiju. Paiju ndipo mahali pa mwisho penye miti, na kwa desturi ya njia ile watu wanakaa hapo siku nzima. Wapagazi wanapika mikate watakayokula juu ya barafu. Mgeni mwenye haraka anaona kama ni siku iliyopotea. Sisi tunaona ndiyo siku ya maana kuliko zote katika mpango mzima.

Sababu yake utaifahamu upesi wewe unayefanya kazi chini ya udongo, kwa kuwa unajua kwamba hewa mbaya haipigi kelele. Sisi wa Kolwezi tunaishi kwenye mita 1 400 hivi, na mwili wetu umezoea. Kwenye mita 5 000 uzito wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani ya bahari. Kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Mwili unaweza kujirekebisha: unapumua zaidi, unatengeneza damu yenye kubeba oksijeni vizuri zaidi; lakini kazi hiyo inataka siku, na haifanyiki upesi kwa sababu una mikono minene. Waganga wa milima wanashauri hivi: ukishapita mita 3 000, usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulivyolala jana, na kila siku tatu au nne upumzike siku moja. Mwenye nguvu anapatwa sawa na mwembamba. Mara nyingine anapatwa kwanza, kwa sababu miguu yake imemfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

Ugonjwa unaanza kama jambo dogo. Kichwa kinauma, chakula hakina ladha, usingizi hauji. Hapo unabaki ulipo, hupandi tena mpaka upone. Yako mawili ya kuogopa kabisa. La kwanza ni maji kuingia mapafuni: mtu anakohoa, anahema hata akiwa amekaa. La pili ni ubongo kuvimba: anasema maneno yasiyofuatana, anapepesuka kama mlevi. Mwambie atembee kwa kuunganisha kisigino na kidole juu ya mstari mmoja. Akishindwa, usingoje asubuhi. Dawa ni kushuka, usiku huohuo, na asishuke peke yake. Vidonge vipo, muganga wako atakueleza, lakini hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya kushuka. Na helikopta ya jeshi usiiweke katika hesabu kama gari la wagonjwa la kampuni: inataka malipo yawe na dhamana tangu mwanzo, na inataka mbingu iwe nyeupe.

Tunaogopa zaidi yule anayeficha. Wote tumemwona mwenzetu mwenye homa anayeshuka shimoni ili asikatwe siku. Mlimani ni vilevile: mtu amelipa pesa nyingi, hataki kuwa yeye anayewarudisha wengine. Kwa hiyo mpango uandike kabla ya kuondoka ni nani anayesema turudi, na neno lake lisibishwe, kama vile hubishani na kapita anaposema mwamba haujakaa vizuri. Uandike pia ni nani atakayeshuka na mgonjwa. Mama, karatasi hiyo ibaki nyumbani kwako nakala moja, pamoja na ile ya bima na tarehe ya kurudi. Kwenye tarehe hiyo ongeza siku chache, kwa ajili ya mawingu ya Skardu, usije ukalia bure.

Mambo mengine tuyapite upesi. Miwani ya giza: fundi wa kuchomea vyuma anajua macho yaliyopigwa na mwanga yanavyouma usiku, na jua juu ya theluji linafanya hivyohivyo. Vijito vya barafu vivukwe asubuhi, maana mchana jua likiyeyusha vinajaa. Mawe yaliyofunika Baltoro yanateleza, na chini yake kuna nyufa. Fuata nyayo za anayeijua njia.

Limebaki jambo linalotuchoma moyo sisi wa ukurasa huu. Vitu vyako vyote, hema, mafuta ya kupikia, unga, vinabebwa na watu wa mabonde yale. Mzigo wa desturi ni kilo 25, na juu yake mpagazi anaongeza chakula chake na blanketi lake. Wazee wetu walioujua upagazi wa zamani hawahitaji kuelezwa. Mtu huyo ni mfanyakazi, kama wewe. Naye anastahili viatu, miwani, nguo za baridi na mahali pa kulala, na anayempa kazi ndiye anayepaswa kuvitoa.

Mlima huo wenyewe una ushahidi. Mwaka 1954, usiku wa kabla Waitalia wawili hawajafika kileleni mara ya kwanza, Walter Bonatti na Amir Mehdi, mtu wa Hunza, waliwapelekea chupa za oksijeni mpaka karibu na mita 8 100. Hawakuikuta hema mahali walipotazamia, wakalala nje katika barafu. Mehdi hakuwa na viatu vya kazi ile. Alipoteza vidole vyote vya miguu. Mwaka 2023, tarehe 27 Julai, Mohammad Hassan, mtu wa bonde la Shigar ambalo wasafiri wote wanapita, alikufa juu kule akifanya kazi ya mpagazi, na waliomwona walisema hakuwa na nguo kamili za baridi wala hewa ya chupa. Kati ya wawili hao imepita miaka 69.

Kuna watakaosema: mimi naenda kambini tu, siendi kileleni, na siku zaidi na viatu vya wapagazi vinaongeza bei. Ni kweli, vinaongeza. Lakini bei ambayo haina vitu hivyo si bei rahisi. Sehemu yake imelipwa kwa miguu ya mtu mwingine, na sehemu nyingine utailipa wewe kwa kichwa chako kule Concordia.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata franka moja, mwulize mwenye safari: tunalala wapi kila usiku, na mita ngapi? Paiju tunakaa siku nzima? Mpagazi akiugua, nani anamshusha, na analipwa siku zake? Viatu vyake umeviona wewe mwenyewe? Akikujibu kwamba hayo ni mambo ya wapagazi wenyewe, funga mfuko wako umtafute mwingine. Skardu wako wengi.