Moto wa Iringa, Taa ya Unguja

Kipupwe kikiingia Visiwani, sisi hujifunika shuka na kuona yatosha. Kwa ndugu zetu wa Iringa na Mbeya, miezi ya Juni na Julai ni mtihani. Huko Mufindi hutokea asubuhi umande ukaganda juu ya majani. Nyumba nyingi zimeezekwa bati na hazina dari, joto lote hupaa. Hivyo jiko la mkaa huingizwa chumbani, na gunia lililokusudiwa kupikia mwezi mzima huisha kabla ya mwezi.

Pengine msomaji wa Unguja au Pemba atauliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Tangu mwaka 1980 Unguja hupata umeme wa Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na Pemba iliunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010. Sehemu ya umeme wa gridi hiyo hutoka Mtera na Kidatu, kwa maji ya mto Ruaha Mkuu yanayotiririka kutoka Nyanda za Juu Kusini. Maji hayo huendelea hadi Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Giza la Unguja la Desemba 2009 hadi Machi 2010 lilitokana na hitilafu ya waya. Lakini ukame wa mwaka 2006, ulioleta mgawo mkali wa umeme, ulitufundisha kuwa waya mzima haufai kitu iwapo bwawa ni tupu.

Hata hivyo, tusiwabebeshe wenzetu lawama isiyo yao. Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, na sababu kubwa inayotajwa ni maji yanayochukuliwa kwa kilimo huko Usangu. Lakini msitu unaokatwa kwa ajili ya mkaa nao huwacha mlima uchi. Bandu bandu huisha gogo.

Israfu haina heri. Maharage yalowekwe tangu usiku, chungu kifunikwe, na mkaa uliobaki uzimwe baada ya kupika. Jiko banifu la udongo hutunza moto kuliko jiko la bati tupu. Nyufa za ukuta zizibwe, lakini kamwe mtu asilale na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Sasa tuseme na viongozi. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha njema. Lakini katika nyanda za baridi jiko moja hupika na kuotesha. Mtungi wa gesi huchemsha chai, hauotwi. Mama aliyepewa mtungi huo, watoto wake wakitetemeka usiku, ataurudia mkaa, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kwa hiyo hesabu ya kupika iende pamoja na hesabu ya joto. Nyumba ziwekwe dari, majiko yapewe bomba la kutolea moshi, na vumbi la mbao la Sao Hill ligeuzwe mkaa mbadala wa bei nafuu. Amri peke yake haimpi mtu joto. Anayelinda msitu wa Mufindi analinda pia taa ya Unguja, nasi tunaowasha taa hiyo tuwe wa kwanza kumtetea.