Makala za Marehemu ni za Nani?

Jina la Jonathan Eisen, mwanamikrobiolojia wa Marekani, halitajwi katika madarasa ya Kiswahili. Hata hivyo, mwanafunzi yeyote wa isimu historia angeielewa hoja yake bila taabu. Jenomu ya Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, ilipochapishwa mwaka 1997, jeni yake moja ilidhaniwa kuwa ya kurekebisha makosa ya DNA, eti kwa sababu ilishabihiana na nyingine zifanyazo kazi hiyo. Eisen alizilinganisha jeni za ukoo huo kwa tarakilishi, akachora mti wa nasaba yake, na mwaka 1998 akaonyesha kwamba jeni hiyo ni ya tawi jingine. Kushabihiana si kuwa na dhima moja. Walinganishao msamiati wa lugha za Kibantu wanalijua hilo fika.

Utafiti wa aina hii huishi kwa data za wengine. Wenzake mtafiti wakificha walichokipata, mti wake hukosa matawi. Ndiyo maana si ajabu kwamba Eisen aligeuka mtetezi mkali wa sayansi huria, na mwaka 2008 akawa mhariri mkuu wa kitaaluma wa PLoS Biology, jarida lililoanza mwaka 2003 na ambalo husomwa bila malipo. Wapinzani husema kwamba mzigo umehamishwa tu: msomaji halipi, mwandishi analipa. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mtafiti asiye na mfadhili, wala haijajibiwa ipasavyo hadi leo.

Lakini kuna kisa kinachoizidi nguvu. Babake Eisen, aliyefariki mwaka 1987, alikuwa mtafiti katika taasisi za afya za serikali ya Marekani. Mwana alipotaka kuzikusanya makala za mzaziwe, alikuta nyingi zinauzwa na wachapishaji. Umma ulikwisha kumlipa mtafiti huyo mshahara. Sasa mwanawe naye adaiwe ada ili asome alichoandika babake!

Nasi tuna rafu zetu. Tasnifu nyingi za Kiswahili zimelala maktabani katika nakala mojamoja, hazisomwi ila na aliye karibu nazo. Idara zingeweza kuanza na zile ambazo waandishi wake wamekwisha kufariki: familia ziombwe idhini, kurasa zipigwe picha, ziwekwe mtandaoni.